Kupeleka viungo nje kutoka Unguja na Pemba: mambo ya kumaliza kabla gunia la kwanza halijapakiwa

Viungo vya visiwani havikosi mteja. Mgeni hutoka Darajani na pakiti tatu za mdalasini, akifika kwao anaandika: nataka kilo mia tano za huo na tani moja ya pilipili manga, bei gani? Wengi hujibu bei siku hiyohiyo, na hasara huanzia hapo. Biashara ya nje ni mara chache sana kufia baharini. Hufa kwa bei iliyotajwa bila hesabu, kwa gunia lililofungwa likiwa bado na unyevu, au kwa herufi moja iliyokosewa kwenye karatasi ya benki.

Mwongozo huu ni wa kikundi au kampuni ndogo inayotaka kusafirisha kuanzia kilo mia chache hadi kontena moja.

Kwanza tuiondoe karafuu njiani. Zanzibar karafuu hununuliwa kwa mkulima na kuuzwa nje na ZSTC tu, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na makonyo hali kadhalika. Mteja akiitaka, mpe anwani ya shirika na uendelee na shughuli zako. Usikubali kuichanganya "kidogo tu" ndani ya mzigo wa viungo vingine, maana hilo ni magendo na mzigo mzima unaweza kushikwa. Yanayofuata yanahusu pilipili manga, mdalasini, manjano, tangawizi, hiliki, kungumanga, vanila na mchaichai.

Kabla ya kutaja bei

Muulize mteja mambo haya kwa maandishi: anataka kiungo kizima au kilichosagwa, unyevu wa mwisho anaoukubali ni asilimia ngapi, anataka vipimo gani vya maabara na nani atavilipia, gunia la kilo ngapi, mzigo aupokee wapi, na ataulipia lini. Mteja asiyejua majibu ya maswali haya hajawahi kuagiza viungo, na utakuwa ukimfundisha kazi kwa gharama yako.

Kubalianeni pia namba ya forodha ya bidhaa, kwa sababu ushuru na masharti ya nchi anayopelekewa hufuata namba hiyo. Pilipili manga nzima ni 0904.11, vanila nzima 0905.10, mdalasini wetu mzima 0906.11, kungumanga nzima 0908.11, tangawizi nzima 0910.11 na manjano 0910.30. Ukisaga, namba hubadilika kwa karibu vyote hivyo, na mara nyingi ushuru hubadilika nayo. Kwa mzigo wa kwanza tunashauri uuze kizima. Kilichosagwa hushukiwa kuchanganywa, hupoteza harufu njiani, na mashine ya kusagia ni mlango mwingine wa uchafu.

Andika namba kwa namna isiyo na utata. Mjerumani akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Kwetu hiyo husomeka moja na nusu. Tarehe 03/04 ni tatu Aprili kwetu na nne Machi kwa Mmarekani, kwa hiyo andika jina la mwezi. Saa nazo zina mtego wake: mteja wa Hamburg akisema 9 asubuhi, kwake ni saa tatu, lakini kwetu ni saa tano wakati wa baridi yao na saa nne wakati wa kiangazi chao. Oman na Saudia hufunga kazi Ijumaa na Jumamosi, ilhali Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022. Ukiuza Muscat, karatasi yenye kosa isiyorekebishwa Alkhamisi mchana italala hadi wiki inayofuata, na mzigo unaongoja bandarini unalipiwa kila siku.

Ukavu na usafi

Ukiwa na muda wa jambo moja tu, utumie kwa hili. Pilipili manga inayouzwa nje isizidi unyevu wa asilimia 12, na mdalasini usizidi 14. Zaidi ya hapo kuvu huamka, na kuvu ndiyo huleta sumukuvu. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 5 tu za sumukuvu aina ya B1 kwa kilo, na 10 kwa aina zote pamoja, kwenye pilipili manga, kungumanga, tangawizi na manjano. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakinuki. Sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kuanika upya: kuvu hufa, sumu hubaki.

Pilipili manga ichumwe pale punje moja mbili za kwenye shuke zinapoanza kugeuka manjano au nyekundu. Pukuchua, tia punje kwenye kikapu cha matundu, uzamishe katika maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha utoe. Maji hayo huua vijidudu vingi vya juu ya ganda, hufanya punje zote ziwe nyeusi kwa rangi moja, na hupunguza siku za kuanika. Tandaza kwa unene wa sentimita 2 hadi 3 kwenye kitanda cha wavu kilichoinuliwa, geuza mara kadhaa kwa siku, na funika kabla ya Magharibi ili umande usirudishe ulichokausha. Jua la kusi likiwa zuri, siku tatu hadi tano zinatosha. Kilo mia za pilipili mbichi hutoa kama kilo 33 kavu. Ukikusudia kuvuna wakati wa masika, tafuta kwanza kaushio la jua lenye paa la plastiki, au usimwahidi mtu tarehe.

Tuseme wazi kuhusu kuanika kando ya barabara. Lami hukausha haraka, hilo kweli. Lakini kuku hupita, mbuzi hupita, gari hurusha mchanga na moshi, na mnunuzi wa Ulaya hupima bakteria wa salmonela akitaka asikute hata mmoja ndani ya gramu 25. Jamvi lililolazwa chini lina shida hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Wala usidhani kosa litarekebishwa kwa kufukiza gesi ya ethilini oksaidi kama inavyofanywa katika baadhi ya nchi: Ulaya imepiga marufuku matumizi yake kwenye chakula, na masalia yakizidi miligramu 0.1 kwa kilo mzigo hukataliwa. Mvuke wa moto ndio unaokubalika, na wanunuzi wakubwa wana mitambo yake huko kwao.

Madini ya risasi yamekuwa swali la kila mnunuzi tangu mwishoni mwa 2023, watoto wa Marekani walipodhurika kwa rojo la matofaa lililotiwa mdalasini wenye risasi. Kiwango cha Ulaya ni miligramu 2 kwa kilo kwa magome kama mdalasini, 1.5 kwa mizizi kama manjano na tangawizi, na 0.6 kwa viungo vya matunda, pilipili manga ikiwemo. Mdalasini na manjano ya kwetu kwa asili havina sababu ya kuzidi hapo. Vinavyoweza kuleta tatizo ni rangi ya kinu, betri chakavu zilizotupwa karibu na uanio, au udongo ulioganda kwenye mizizi isiyooshwa vizuri.

Gunia liwe jipya. Polo lililowahi kubeba ngano au karanga hubakisha chembe zinazoweza kumdhuru mtu mwenye mzio, na lililobeba mbolea halina la kujadili. Weka mfuko safi wa plastiki wa chakula ndani ikiwa mteja ameukubali, jaza kilo 25, shona, andika namba ya kundi na tarehe ya kufunga. Ghalani magunia yakae juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani.

Sampuli ya maabara usiichote kwenye gunia lililo karibu na mlango. Chukua kipeuo cha pili cha idadi ya magunia: ukiwa na magunia 100, toboa 10 kutoka pande zote za rundo, changanya, gawa mafungu matatu. Moja liende maabara, la pili kwa mteja, la tatu ulifunge kwa lakiri mbele ya shahidi na ulihifadhi pakavu. Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kwa kipimo hichohicho unachotaka. Maabara yaweza kuwa na ithibati ya maji na isiwe nayo ya sumukuvu. Ulizeni pia unyevu utapimwa kwa njia gani. Joko la kawaida huunguza maji pamoja na mafuta ya kiungo, kwa hiyo husoma unyevu mkubwa kuliko uliopo. Njia ya viungo ni ya kukenekesha, inayotenga maji peke yake. Ugomvi mwingi wa "wewe umesema 11, sisi tumepata 13" unatoka hapo, na hakuna aliyedanganya.

Hesabu ya bei

Mkulima anaweza kukuuzia kwa pishi, lakini pishi ni kipimo cha ujazo, na mnunuzi wa nje ananunua kwa kilo ya kitu kikavu na safi. Pima kila kitu kwa mizani tangu shambani, na upime unyevu hapohapo.

Chukua mfano. Umeahidi kilo 1,000 za pilipili manga zenye unyevu wa asilimia 12. Unayonunua kijijini ina asilimia 16, na katika kupepeta utapoteza asilimia 3 ya vikonyo, vumbi na punje tupu. Ili ubaki na 1,000 baada ya kupepeta unahitaji kama 1,031 zilizokauka. Na ili upate hizo kwa asilimia 12 lazima ununue 1,080 za asilimia 16. Bei yako ya kununulia, basi, izidishe kwa 1.08 kabla hujaongeza hata senti ya gharama. Aliyehesabu 1,000 kwa 1,000 amekwisha kuwapa wenziwe kilo 80 za bure.

Ndipo ujumlishe vibarua, magunia, maabara, gari, chombo cha kutoka Mkoani au Wete kama mzigo ni wa Pemba, wakala wa forodha, gharama za bandari, vyeti, makato ya benki, na riba ya fedha zitakazokaa nje miezi miwili au mitatu. Wa Pemba waongeze na turubai. Gunia lililolowa maji ya chumvi njiani kuja Unguja halifai tena kuuzwa nje, na kulikausha hakuondoi chumvi.

Bei isemwe inaishia wapi, kwa vifupisho vya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa zinazosema gharama na hatari ya muuzaji vinaishia wapi. Waliozoea husema FOB kwa kila kitu. Kwa mzigo wa kontena, FOB inakubebesha hatari mpaka kontena lipande melini, ingawa ulikwisha kulikabidhi siku kadhaa kabla na huna tena uwezo nalo. FCA inakuachia hatari pale unapomkabidhi msafirishaji aliyechaguliwa na mteja, na kwa mdogo ndiyo salama zaidi. CIF inakutaka ulipe freti, yaani nauli ya meli, na bima hadi bandari ya mteja. Usiitaje bila bei ya freti iliyoandikwa na yenye tarehe ya mwisho, kwani freti hupanda ghafla. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, meli nyingi za Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne zaidi. DDP, inayokutaka ulipe hadi ushuru wa nchi ya mteja, mwachie mwenye ofisi huko.

Unanunua kwa shilingi, unauza kwa dola au yuro. Bei yako ipe muda, tuseme siku 14, uandike hivyo kwenye ankara ya awali. Malipo ya mwanzo yakiingia, badilisha mara moja kiasi utakachotumia kununulia. Kuyaweka ukisubiri dola ipande ni biashara nyingine kabisa, wala si ya viungo.

Karatasi

Kampuni isajiliwe BPRA, yaani wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, uwe na namba ya mlipakodi, na upate wakala wa forodha mwenye leseni. Tamko la forodha hupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hata kwa mzigo wa Zanzibar. Karatasi za mzigo wenyewe ni ankara, orodha ya vifurushi, hati ya meli ambayo kila mtu huiita BL, cheti cha uasili, ripoti ya maabara, na pale inapotakiwa, cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa Wizara ya Kilimo.

Kuhusu hiki cha mwisho, tofautisha kibichi na kikavu. Mchaichai mbichi au tangawizi mbichi havikanyagi Ulaya bila cheti. Matunda matano tu ndiyo yamesamehewa huko: nanasi, nazi, ndizi, duriani na tende. Viungo vikavu hutegemea nchi na bidhaa, kwa hiyo mteja aulize kwa wakaguzi wa kwao na akuletee jibu la maandishi. Mkaguzi wetu aje kabla kontena halijafungwa. Kumwita baada ya lakiri ni kulipia kufungua.

Tanzania imo katika mpango wa Ulaya unaoziachia nchi maskini zaidi kuingiza bidhaa bila ushuru. Mzigo usiozidi yuro 6,000, msafirishaji yeyote huandika tamko la uasili kwenye ankara. Ukizidi, lazima awe amesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wasafirishaji. Maneno ya tamko yamepangwa, usiyatunge. Pilipili manga nzima haitozwi ushuru Ulaya hata bila tamko, kwa hiyo usiuchelewesha mzigo huo kwa ajili yake. Vanila ni habari nyingine. Uingereza ina mpango wake peke yake tangu Juni 2023. Ukiuza Mombasa mzigo usiozidi dola 2,000, kuna cheti chepesi cha Afrika Mashariki.

Mteja akikutumia fomu ya sheria ya Ulaya ya ukataji misitu, mjibu kwa upole kwamba sheria hiyo inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Viungo havimo. Palleti ya mbao, hata hivyo, iwe na muhuri wa ISPM 15, yaani mbao zilizopashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30. Palleti ya kuokota isiyo na muhuri imewahi kurudisha mizigo isiyo na kosa lolote.

Ukiuza pakiti ndogo za dukani, futa maneno ya "hutibu kisukari" na "hupunguza presha". Pakiti ya mchaichai yenye maneno hayo, inayouzwa bila taabu kwenye duka la watalii, Ulaya hairuhusiwi rafuni.

Fedha

Mteja mpya, mzigo mdogo: chukua asilimia 30 kabla ya kununua, 70 dhidi ya nakala ya BL, na BL halisi (kwa kawaida ni tatu) zibaki mkononi mwako hadi fedha zionekane kwenye akaunti. Anayeshika BL halisi ndiye anayeshika mzigo. Risiti ya benki iliyopigwa picha si fedha.

Kwa kontena zima na mteja mkubwa mtaingia kwenye LC, yaani ahadi ya maandishi ya benki ya mteja kwamba itakulipa. Benki hapo hailipi kwa ubora wa pilipili. Inalipa kwa karatasi zinazolingana na maandishi ya LC. Rasimu ikifika, isome siku hiyohiyo ukiwa na wakala wako. Jina la kampuni lifanane na la usajili, herufi kwa herufi. Bandari ya kupakilia iandikwe "bandari yoyote ya Tanzania", kwani ikiandikwa Dar es Salaam nawe ukapakia Malindi, bandari ya Unguja, karatasi zako zina kasoro. Kifungu kinachokataza kubadilisha meli kiondolewe, maana kontena la Malindi kwa kawaida hubadilishwa njiani. Ombeni neno "takriban" mbele ya uzito na thamani. Kwa kanuni za UCP 600, ambazo ndizo kanuni za kimataifa za LC, linakupa nafasi ya asilimia 10 juu au chini. LC isipotaja muda, unazo siku 21 baada ya kupakia kuwasilisha karatasi, na benki ina siku tano za kazi kuzikagua. Kurekebisha LC kabla ya kupakia ni ada. Baada ya kupakia ni hisani ya mteja, na bei ikiwa imeshuka sokoni hisani hupungua.

Namba ya akaunti mpe mteja mwanzoni, na mwambie kwa sauti kwamba haitabadilika kwa barua pepe. Matapeli huvizia mawasiliano wiki kadhaa, kisha hutuma "akaunti yetu mpya" siku ya malipo. Barua kama hiyo ikija upande wowote, piga simu kwa namba ya zamani.

Siku ya kupakia

Ingia ndani ya kontena tupu, mwenzio afunge mlango. Ukiona mwanga, paa lina tundu, likatae. Linuse pia, kwa kuwa pilipili na mdalasini hunywa harufu ya ngozi, samaki na rangi. Sakafu iwe kavu. Kontena la joto la Malindi likifika kwenye baridi hutoa jasho darini, na matone hurudi juu ya magunia. Tandika karatasi nene juu na pembeni, na tundika mifuko ya kunyonya unyevu. Uzito wa kontena lililojaa lazima uthibitishwe na kutumwa kwa wenye meli kabla ya kupakia, sharti la dunia nzima tangu Julai 2016. Piga picha ya kontena tupu, nusu, limejaa, mlango umefungwa, na namba ya lakiri isomeke.

Mkataba useme mteja ana siku ngapi za kulalamika tangu apokee mzigo, 14 zinatosha. Malalamiko yakija, usianze kwa kupunguza bei. Omba picha zenye namba ya kundi, jina la maabara na njia iliyotumika kupimia, kisha pendekeza fungu la tatu lililotiwa lakiri lipelekwe maabara ya tatu mliyoitaja kwenye mkataba, gharama alipe atakayekutwa na kosa. Fungu hilo lihifadhi mwaka mzima.